Madaftari Mawili ya Jumanne

Tetuan, 9 Novemba 1987

Dada yangu mpendwa Sodiya,

Pokea salamu zangu, nyingi kadiri ya siku ambazo hatujaonana, pamoja na dua kwamba mguu wako ukunjuke na kukunjika bila maumivu. Fama jirani yangu aliniambia ulimpigia simu, kwamba plasta imekatwa na sasa unajikongoja kwa fimbo mpaka dirishani. Nimefurahi sana. Usingizi je, unakuja? Na yule paka wako mwenye sikio moja bado anakulalia miguuni, au umemfukuza mpaka mfupa uunge vizuri? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula kinapita. Baridi imeanza kupanda kutoka kwenye vigae, na wifi Haniya, dada wa marehemu, bado yuko nami hapa. Anasema hataondoka mpaka nivue nguo nyeupe za eda, mwisho wa Januari.

Usijilaumu kwa kutofika mazikoni. Mtu aliyevunjika mguu hapandi basi kutoka Larache. Uliowapa salamu zako walinifikishia, na nilizipokea. Lakini kuna mambo yametokea hapa baada ya mazishi ambayo sikutaka kuyasema kwenye simu ya Fama, maana simu ile iko sebuleni kwake na sebule yake haikosi masikio. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nitakueleza moja baada ya jingine kama yalivyokuja, na nakuomba uisome barua hii peke yako.

Siku Bushta alipotolewa ndani, kabla jeneza halijainuliwa, imamu alisimama mlangoni akaniuliza, kama wanavyoulizwa wajane wote, kama ninampa mume wangu radhi. Nikasema nampa, kwa yote, ya wazi na ya siri. Nilisema kwa sauti watu wakasikia. Miaka ishirini na tisa, dada, na sikuona la kusita. Mtu aliyekuwa akimenya chungwa na kuweka vipande vya kwanza kwenye kisahani changu kabla hajajiwekea yeye, utamnyima radhi kwa lipi?

Siku ya kumi na mbili nikafungua sanduku lake la vifaa. Kibanda chake cha saa pale Tarrafin kilikuwa kinarudishwa kwa mwenyewe, na vitu vyake vililetwa nyumbani. Chini ya koleo ndogo na miwani yake ya jicho moja, nikakuta madaftari mawili ya shule, yenye jalada la kijani. Nilidhani ni orodha za saa za watu. Nikafungua, nikakuta Kihispania.

Unajua vizuri kama mimi kwamba Bushta hakuwa na Kihispania. Alitoka Sefru, upande wa Wafaransa, akaja huku mtu mzima baada ya uhuru. Alijua kuhesabu na kusema habari za asubuhi sokoni, basi. Sisi wawili ndio tuliolelewa na masista, na ni sisi tuliokuwa tukizungumza Kihispania mbele yake kila kiangazi ulipokuja, tukimwambia kwa mzaha anywe chai yake aache mambo ya wasomi.

Kila ukurasa ulikuwa na kitenzi kimoja juu, kile cha jina tu, kisicho na mwenyewe wala wakati, kama masista walivyotufundisha kukiita. Chini yake mkia umekatwa kwa mstari mwekundu, likabaki shina, na kutoka kwenye shina yamechorwa matawi, kila tawi na neno lake, kama kwetu mtu anavyotoka kwenye kulima akapata mkulima, kilimo na malimo. Juu *vender*, kuuza, shina *vend*, halafu matawi: muuzaji, kilichouzwa, kinachouzika. Kazi safi. Lakini kilichonikausha mate si hicho. Kila neno lilikuwa limeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa herufi zetu za Kiarabu, kwa mwandiko wa Bushta, namna sikio lilivyolisikia. Mara ya pili kwa herufi za Kihispania, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko mdogo uliolala upande mmoja. Mwandiko wa mwanamke.

Na kila ukurasa una tarehe. Nikachukua kalenda ya zamani nikalinganisha. Jumanne. Jumanne. Jumanne. Miaka sita, tangu mwaka themanini na moja.

Jumanne, dada, ndiyo siku aliyokuwa akifunga kibanda mapema na kuniambia anakwenda kutia majira saa za ukutani katika nyumba za watu. Sikuwahi kumuuliza nyumba zipi. Sasa vitu vidogo vikaanza kunirudia, kimoja kimoja, kila kimoja na sura mpya. Kwamba Jumanne hakuwa na njaa sana. Kwamba nilipofua kanzu zake nilikuta mifukoni makombo ya biskuti za anisi, ambazo mimi sipiki na yeye hanunui. Kwamba alikuwa akirudi midomo yake ikitikisika kidogo, nami nikadhani anamtaja Mungu.

Nikayasoma yale madaftari kama hakimu. La kwanza lilijaa vitenzi vya jikoni: kumenya, kukaanga, kuonja, kutia chumvi, kuchochea moto. Nikajiuliza mwanamume anajifunza wapi maneno kama hayo, kama si katika jiko la mtu? Nikaliona hilo jiko. Nikamwona ameketi kwenye kiti, na mwanamke amesimama mbele ya moto akimwonyesha, hiki ni kukaanga, hiki ni kuonja, njoo uonje.

La pili lilikuwa baya zaidi. Hakukuwa na chakula tena. Kulikuwa na *llorar*, kulia. *Dejar*, kuacha. *Volver*, kurudi. Kuvumilia. Kuapa. Kudanganya. Ukurasa kwa ukurasa, Jumanne kwa Jumanne, ni kama kusoma ugomvi wa wapenzi wawili ambao umekatwakatwa na kupangwa kwenye rafu. Mmoja amelia, mwingine ameacha, mmoja ameomba arudiwe. Sikuhitaji kusoma zaidi. Nilifunga daftari, na ile radhi niliyoitoa mbele ya watu nikairudisha moyoni kimyakimya. Nilisema hata kama imamu aliisikia, Mungu anajua imechukuliwa. Nikakaa ndani ya nguo nyeupe nikijihisi kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Sikumwambia mtu. Lakini Haniya ana macho. Aliniona sili, sisomi Kurani ya marehemu, nimekaa na kalenda ya mwaka themanini na tatu mapajani. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nahesabu. Akasema, "Hesabu, wifi, hesabu. Wengine wakifiwa wanalia, wewe unafanya ukarani."

Kisha ikaja arobaini. Tulipika kuskusi ya vyungu vitatu, wasomaji walijaa ukumbini, wanawake walijaa juu. Baada ya adhuhuri Fama akapanda ngazi mbio kuniambia kuna mgeni chini, Mhispania, anaulizia nyumba ya Bwana Bushta wa saa. Nikachungulia. Nikamwona mwanamke mzee amesimama uani katikati ya viatu vya watu. Amevaa nyeusi kutoka kichwani hadi vidoleni: kitambaa cheusi, gauni jeusi, soksi nyeusi, mkoba mweusi.

Wewe umeishi nao, Sodiya, huhitaji kuelezwa. Sisi tunamvalia mume nyeupe, wao wanamvalia mume nyeusi. Wanawake wote wakaja kuchungulia pamoja nami. Haniya akasogea mpaka begani kwangu akaninong'oneza, "Mwenzio huyo. Yeye kavaa rangi yake na wewe umevaa yako. Eda mnagawana."

Nilishuka. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili, akaanza kusema kwa Kihispania kwamba amechelewa kujua, kwamba aliona kibanda kimefungwa Jumanne tatu mfululizo. Alilitaja hilo neno, Jumanne, mbele ya watu, bila haya. Nikamjibu kwa Kiarabu, nikijua haelewi vizuri, kwamba nyumba hii imejaa. Nikamshika kiwiko nikamtoa mpaka barazani, nikafunga mlango. Siku ya arobaini ya marehemu, dada, siku ambayo hata mpita njia anavutwa mkono aje ale, nilimtoa mzee mlangoni bila hata tonge la kuskusi. Mama yetu angekuwa hai angenipiga kwa kata.

Wiki nzima baada ya hapo wanawake walikuwa na kazi ya kufanya. Mmoja alisema alishawahi kumwona Bushta upande wa mji wa Kihispania akiwa na kifurushi. Mwingine akasema walioana kanisani. Fama peke yake ndiye aliyecheka. Alisema, "Mwanamke yule ana miwani mizito kama vitako vya chupa. Kama alimpenda Bushta basi alimpenda kwa kupapasa." Nilimwambia afunge mdomo. Lakini maneno yake yalinikaa. Nikasema sitamaliza eda nikiwa na mke mwenza wa kuambiwa tu. Nitamsikia kwa masikio yangu. Mimi siwezi kutoka, basi nikamtuma Fama. Nilimwambia, mwambie mwenye nyeusi aje amwone mwenye nyeupe.

Akaja Jumanne iliyopita, saa ileile, kwa mazoea nadhani. Nilimtoa Haniya nje kwa kumtuma hamamu akaoge. Nikamkalisha yule mama kwenye godoro la mahali pa Bushta, makusudi, nione atakaaje. Alikaa kama mgeni, ukingoni, mkoba magotini.

Anaitwa Doña Eulalia, kama sisi tusemavyo Bi. Ana miaka sabini na minne. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana hapa, wenzake waliporejea kwao yeye akabaki kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa hawezi safari. Mama akafa mwaka sitini na moja, na tangu siku hiyo hajavua nyeusi. Hakuwahi kuolewa. Aliniambia hivyo bila kuulizwa, kisha akanitazama, au akatazama mahali aliposikia sauti yangu, akasema anafahamu sasa kwa nini nilifunga mlango, na hanilaumu. Nilitaka vigae vipasuke vinimeze. Lakini bado sikuwa nimeridhika. Nikaleta madaftari nikayaweka mezani, nikamuuliza mume wangu alikuwa anatafuta nini kwake miaka sita.

Akasema mwaka ule alimpelekea saa ya ukutani ya mama yake. Bushta akaitengeneza, akaenda kuitundika, akaona vitabu. Akamuuliza kama mtu wa umri wake anaweza kufundishwa. Yeye akamuuliza ya nini. Bushta akamwambia, "Nyumbani kwangu kuna wanawake wawili wanaocheka kwa lugha yako. Mimi nakaa katikati yao na chai yangu. Nataka na mimi nicheke."

Hayo ndiyo maneno yake, dada. Nayaandika kama nilivyopewa.

Eulalia alisema hakumpa kitabu, kwa sababu Bushta hakutaka maneno ya kitabu. Alitaka yetu. Basi wakakubaliana namna. Yeye atege sikio nyumbani, ashike neno lolote, vyovyote lilivyotamkwa, alibebe mpaka Jumanne. Mwalimu atalivua nguo zake, amwonyeshe kitenzi lilikotoka, wakate mkia, washike shina, na kutoka hapo apate mengine kumi aweze kuyatambua yakipita. Akawa analeta maneno kama mtu analeta saa za kutengeneza, moja moja, zimefungwa kwenye kitambaa, na aliyoyashika kiangazi kimoja yakawatosha mpaka kingine. Yale ya jikoni yote yalitoka kwenye jiko langu. Ni mimi na wewe tukimenya vitunguu. Ni mimi nikikuambia onja, wewe ukiniambia tia chumvi. Lile jiko nililoliona lilikuwa langu, na yule mwanamke mbele ya moto alikuwa mimi.

Nikamuuliza kwa nini Bushta alificha. Akatabasamu kidogo, akasema ilikuwa mzaha wa kushtukiza. Alikuwa anaandaa kiangazi cha mwaka themanini na nne. Wewe utafika, tutakaa, tutamwambia anywe chai yake aache mambo ya wasomi, naye atatujibu. Alikuwa na sentensi nzima, alikuwa akiirudia kila wiki huku akicheka mwenyewe kabla ya kuimaliza. Ilisema: endeleeni tu, mabinti, chai imepoa lakini masikio bado yana moto.

Kiangazi cha themanini na nne, Sodiya. Unakikumbuka kuliko mimi. Ulifika na sanduku moja na uso umevimba kwa kulia, siku tano baada ya Abdenbi kukupa talaka na kumleta yule mwingine ndani. Bushta ndiye aliyekupokea stendi. Ile sentensi ilibaki naye, haikuwa wakati wake. Na mwezi ule mzima tulikaa mimi na wewe tukizungumza Kihispania asubuhi hadi jioni ili asielewe, kwa sababu uliona haya mwanamume ajue. Kulia, kuacha, kurudi, kuapa, kudanganya. Daftari la pili ni wewe, dada. Ni Agosti yako. Nilikuwa nimelisoma kama ushahidi wa dhambi yake, kumbe ni huzuni yako aliyokuwa akiibeba kila Jumanne kuvuka mji, aelewe ulichofanyiwa, maana hakuna aliyemwambia.

Ningependa barua iishie hapa. Ingekuwa barua nzuri. Lakini Eulalia hakuwa amemaliza, na mimi ndiye niliyemlazimisha amalize, kwa sababu niliona amefika ukurasa mmoja akaupitisha haraka. Nikaurudisha. Juu yake kuna vitenzi viwili badala ya kimoja. *Querer*, kupenda. *Acostumbrar*, kuzoea. Cha kwanza hakina tawi hata moja.

Akasema siku hiyo Bushta hakuleta neno. Alileta sentensi nzima. Aliingia bila salamu, mdomo umefungwa kama mtu aliyebeba maji ndani yake, akaitoa yote kwa mkupuo isije ikamwagika, kisha akauliza ina maana gani. Yeye akamtafsiria. *Sikumpenda kamwe. Nilimzoea tu.* Akamuuliza nani kasema. Bushta akasema ni mteja. Akaandika vile vitenzi viwili, akapangusa kalamu, akamwomba radhi kwa kuja bila salamu, akaondoka kabla ya biskuti.

Jumanne iliyofuata alirudi. Hakukosa hata moja mpaka alipokufa. Lakini, Eulalia alisema, tangu hapo hakuleta tena maneno ya nyumbani. Aliomba ya barabarani, ya duka, ya hali ya hewa, na hizo ndizo kurasa za mwisho ambazo mimi sikuzifikia.

Unajua sentensi ile ilitoka wapi. Tulikuwa tunamenya lozi, wewe kwenye godoro, mimi chini, naye pale dirishani na saa ya mtu mkononi. Ukaniuliza kama mimi nilimpenda Bushta waliponipa kwake, au hata baadaye. Nami nikakujibu hivyo. Kwa utulivu, nikaendelea na lozi.

Sasa nikuungamie, maana sijawahi kukuambia na nisipokuambia leo sitakuambia tena. Nilikudanganya. Nilimpenda. Nilimpenda tangu mwaka wa kwanza, alipoamka alfajiri kuzisimamisha saa zote za nyumba kwa sababu nilisema mlio wao unaniuma kichwa, naye ni fundi saa. Nilimpenda hata pale Mungu alipotunyima mtoto na ndugu zake wakamwambia aoe mwingine, na yeye akawaambia wamwache. Lakini nilikutazama siku ile, umekaa huna mume wala nyumba, nikaona nikisema kweli utabaki peke yako duniani na msiba wako. Basi nikaichukua ndoa yangu nikaifanya masikini, nikakuwekea mbele kama sahani, ule pamoja nami. Nilisema uongo kwa huruma yako. Na niliusema mbele yake kwa sababu nilikuwa na hakika haelewi.

Miaka mitatu aliishi na hilo. Nimeipekua yote siku kwa siku, na sasa simpekui yeye tena, najipekua mimi. Hakubadilika kwangu, machungwa aliendelea kumenya. Kitu kimoja tu. Kiangazi cha mwaka jana na cha mwaka juzi, kila tulipoanza Kihispania alichukua kiti chake akapanda nacho darini. Wewe ukasema mume wangu siku hizi anatuchoka. Mimi nikasema anatuachia nafasi.

Radhi yangu nimemrudishia, yote, nimeitamka tena kwa sauti ingawa hakukuwa na imamu, alikuwepo Eulalia tu. Yake kwangu ndiyo sijui nimuombe nani.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nakuomba usinifariji. Wewe umenijua kabla sijaota meno. Unajua nikisema uongo nafanya nini na mikono. Siku ile kwenye lozi, niliposema nilimzoea tu, uliniamini? Kama hukuniamini, kama ulijua moyoni kwamba nasema hivyo kwa ajili yako, basi na yeye aliyelala ubavuni mwangu miaka ishirini na tisa huenda alijua. Lakini kama wewe, dada yangu, uliniamini, niandikie hivyo hivyo.

Haniya anakusalimu, na anasema utumie mafuta ya zeituni ya moto kwenye goti. Fama anakusalimu na kukuombea. Doña Eulalia atakula kwangu kuskusi Ijumaa hii na kila Ijumaa, hilo nimeliweka. Jifunike vizuri, usishuke ngazi bila mtu, na mpapase paka wako kwa niaba yangu. Nasubiri mwandiko wako kwenye bahasha.

Mdogo wako akupendaye,
Menana